Mwaka Tuliopima Mawe kwa Unga

Mwaka jana tulimzika Mama Kiden, na bwana aliyemfungia biashara ndiye aliyepewa kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katika ua ule ule wa Kator nilikopanga chumba nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikimsikiliza akieleza jinsi marehemu alivyokuwa mfano wa uaminifu kwa wafanyabiashara wa Juba. Siku hizo alikuwa mkurugenzi wetu. Sasa amestaafu, anatembea na fimbo, na sauti yake imekuwa ya kubembeleza. Watu waliitikia kwa vichwa. Huko jikoni mama mmoja aliwaambia wenzake waepue sufuria ya Hajar Tagil, wakacheka kwa upendo, kwa sababu hilo ndilo jina lililomganda marehemu miaka yote hiyo: jiwe zito. Hawakuwa na nia mbaya. Jina likikaa sana watu husahau lilitoka wapi. Mimi sijasahau, maana nilikuwepo lilipozaliwa, na kusema kweli mimi ndiye niliyelizaa. Kijana aliyekuwa akiongoza shughuli aliponiomba niseme machache kama mpangaji wa zamani, nilimwambia koo linaniuma. Halikuwa linaniuma. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningefungua mdomo msiba ungeharibika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo haikuwa ya mzee mwenye fimbo.

Sitawachosha na habari za wazazi wangu wala za utoto wangu. Kila mtu wa rika langu ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Inatosha kujua kwamba nilikulia Kitale, nikapata stashahada ya biashara, na mwaka 2007, amani ikiwa na miaka miwili, nikarudi Juba nikiwa na sanduku moja na kiburi cha kujaza masanduku matatu. Sisi tuliotoka Kenya tulijiona watu wa mwanga. Tulijua foleni, tulijua risiti, tulijua kujaza fomu kwa herufi kubwa. Tulikuja kuwafundisha wengine, wakiwemo watu walioendesha masoko tangu kabla hatujazaliwa.

Mama Kiden alinipa chumba cha nyuma, chenye kuta za udongo, paa la bati na kitanda cha kamba kilicholegea katikati, hata kila asubuhi niliamka nimekunjika. Dirisha lilitazama jiko lake, na kengele ya kanisa ililia karibu mno kiasi kwamba kikombe changu cha chai kilitikisika mezani. Alikuwa mjane wa makamo, mweusi tii, mrefu, na alikuwa na tabia ya kusema na vitu: na moto, na kuku, na mlango usiofunga. Nilipokuwa nimelala nilimsikia akiuambia mchele kwamba una mawe mengi kuliko mchele. Miaka ya vita aliishi Uganda, upande wa Arua, na huko alifanya kazi ya kupima pamba katika chama cha ushirika. Wakulima walimwamini kwa sababu alipokuwa anapima aliwageuzia mizani waione wao kwanza. Chama kilipokufa, badala ya kumlipa kiinua mgongo walimpa mizani ya sahani mbili na seti ya mawe ya chuma, lile la kilo mbili, la kilo moja, na madogo yake. Aliyabeba hadi Juba akiwa ameyafunga kwenye kanga. Kwa mawe hayo alinunua karanga na ufuta kwa wanawake waliokuja na vikapu kutoka Gurei, na kwa mawe hayo hayo aliuza katika soko la Konyo Konyo.

Nataka msomaji alielewe hilo vizuri, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Wachuuzi wengi wa pale walikuwa na seti mbili za mawe. Mazito ya kununulia, mepesi ya kuuzia. Ukimletea karanga zako anaweka jiwe zito, unamwaga karanga mpaka mkono unauma kabla sahani hazijalingana. Ukija kununua anaweka jingine lililosagwa chini, unaondoka na pungufu. Ilikuwa siri ya soko zima, yaani haikuwa siri. Mama Kiden alikuwa na seti moja tu. Nilijua hivyo, nililala chumba cha pili kutoka chake, nilikula karanga zake kila jioni. Aliniandalia asida, ugali wa huko, na mboga ya mlenda iliyopikwa na samaki mkavu, na nilipolalamika wiki ya kwanza kwamba nimezoea sukuma wiki, aliniangalia akasema, "Wewe nakula kwanza, Kenya itakuja baadaye."

Nilipata kazi ya ukaguzi wa vipimo katika ofisi moja ya biashara ambayo sitaitaja. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lenye madirisha, baridi kama friji jenereta likiwaka na moto kama tanuri likizimika. Tulikuwa wakaguzi wawili, mimi na Wani, kijana aliyekulia Nairobi, mcheshi, mvivu, mwenye roho nzuri. Kanuni za Khartoum zilikuwa kwa Kiarabu na wakubwa hawakutaka hata kuziona. Kanuni mpya zilikuwa rasimu kwenye droo ya mtu fulani. Basi Mkurugenzi akanipa flashi yenye kanuni za vipimo za Kenya, akasema, "Keji, toa Kenya, weka sisi, halafu chapa." Ndivyo tulivyotunga sheria. Nilikaa kwenye kompyuta siku mbili, neno likitoka neno likiingia, nikasoma sentensi ndefu kuhusu haki za mlaji na wajibu wa mfanyabiashara, na nakumbuka nilijisikia mtu mkubwa sana. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeskaniwa kama picha, si maandishi ya kuhariri, kwa hiyo haukubadilika. Sikuusoma. Nikichapa kitu hadi leo naanza na ukurasa wa mwisho.

Siku ya kukagua soko ilipopangwa hatukuwa na mawe ya serikali ya kupimia mawe ya watu. Sanduku lilikuwa limeagizwa, limekwama mpakani Nimule kwa ajili ya karatasi. Mtu mwenye akili angeahirisha. Mkurugenzi alikuwa amekwisha waalika waandishi wa habari na watu wa mashirika. Tukakaa kontenani tunakuna vichwa, ndipo Wani akasema, "Manze, si tuchukue tu unga ya kilo mbili dukani? Hiyo hata shosho anajua uzito yake." Na mimi nikacheka kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesema kweli, hata bibi yangu aliujua uzito ule. Kwetu sisi tuliokulia Kenya pakiti ya unga wa mahindi ilikuwa kitu cha kuaminika kuliko saa ya ukutani. Mama zetu waliitumia kupimia watoto wachanga. Mtu aliyekulia Khartoum asingewaza hivyo, wala aliyekulia msituni, wala aliyekulia Arua. Ni sisi tu, na tulikuwa na mihuri. Wani akaenda kununua pakiti tano kwenye duka la jumla, akazipanga mezani na lebo zikitazama mbele, tukaona tumemaliza.

Jioni ile nilimweleza Mama Kiden kwamba kesho serikali inakagua mawe. Nilimweleza kwa ule mdomo wangu wa stashahada. Alifurahi, na furaha yake ndiyo inayoniuma zaidi kuliko yote. "Kalas," alisema, "sasa wezi wataona." Akasema wanawake wengine wanaogopa hakuma, yaani serikali, wanadhani ni njia ya kuwanyang'anya vitu, kwa hiyo yeye atatangulia ili waone hakuna jambo. Akachukua mawe yake akayasugua kwa majivu na maji ya limau mpaka yakang'aa.

Tuliweka meza katikati ya soko, juu yake kitambaa cheupe, mizani ya ofisi na unga wetu. Mkurugenzi alihutubia kwa kipaza sauti kuhusu soko huru na haki ya mnunuzi. Kisha akauliza nani wa kwanza, na Mama Kiden akapita mbele akiwa amevaa gauni la kanisani. Wani akaweka pakiti upande mmoja. Mimi nikaweka jiwe lake la kilo mbili upande wa pili. Jiwe likashuka. Halikushuka kidogo, lilishuka mpaka sahani ikagonga meza, na pakiti ya unga ikabaki juu inaning'inia. Tukabadilisha pakiti. Ikawa vile vile. Tukajaribu zote tano, na zote zikapanda juu kwa namna moja. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mkurugenzi akaniuliza mbele ya watu maana yake nini, na nikamjibu kwa sauti ya kusikika, kwa sababu kila mtu pale alijua nalala kwa huyu mama, na nilitaka waone kwamba sheria haina ndugu: "Jiwe lake ni zito kuliko kilo mbili. Anayenunua kwa jiwe hili anawapunja wakulima."

Mama Kiden hakukasirika. Aliinama akatazama mizani kutoka upande mmoja, akazunguka akatazama upande wa pili, kama mtu wa kazi anavyotazama. Halafu akauliza, "Hii unga yenu, nani alipima?"

"Imeandikwa kilo mbili, Mama," nikasema.

"Mimi naona imeandikwa. Mimi nauliza nani alipima."

Watu wakacheka, na hawakunicheka mimi, walimcheka yeye. Mmoja wa wachuuzi wakubwa, mwanamume mwenye kofia, akasema kwa sauti, "Hajar tagil, ya mama," jiwe lako zito, na soko likalipokea jina hilo palepale na kulirusha huku na huku. Nilijua swali la Mama Kiden ni swali zuri. Ndiyo, nililijua. Lilinichoma hapa kifuani kwa muda wa pumzi moja, kisha nikainama nikaandika jina lake kwenye daftari. Mawe yake yakachukuliwa, meza yake ikafungwa kwa utepe, akaambiwa asinunue wala asiuze mpaka orodha ya mwisho itakapotoka.

Ukaguzi ulichukua siku tatu. Siku ya kwanza walifeli wanne, wote watu wa seti moja. Siku ya pili na ya tatu hakufeli mtu, na hata mtoto angeweza kutuambia kwa nini: wachuuzi walikuwa wameona jiwe gani linashindwa, wakarudi nyumbani, wakatuletea yale mepesi ya kuuzia. Mengine yalikuwa yametoka kupigwa tupa usiku uleule, chuma bado kinang'aa chini. Nilipiga muhuri juu yake. Yule mwenye kofia alipita bila tatizo, akapewa cheti, akakitundika juu ya karanga zake, na wanawake wa Gurei wakaanza kumpelekea yeye vikapu vyao. Alivinunua kwa yale mazito aliyoacha nyumbani. Ndivyo tulivyomlinda mlaji Juba mwaka ule, na ndivyo tulivyomlinda mkulima. Picha zetu zilitoka gazetini.

Nyumbani hatukugombana. Ningependa tungegombana. Aliendelea kunipikia, akaendelea kusema na moto. Siku ya tano alinipa karatasi aliyopewa sokoni, akaniomba nimsomee mwishoni, pale panaposema mtu asiyeridhika afanye nini. Nikasoma. Kwa mara ya kwanza nikausoma ukurasa ule wa mwisho. Ulisema mfanyabiashara asiyeridhika na uamuzi ana siku kumi na nne za kukata rufaa kwa mkaguzi mkuu, Nairobi.

"Nairobi?" akauliza.

"Ni makosa ya kuchapa."

"Sasa mimi naenda wapi?"

Nilimwambia nitauliza. Nikamuuliza Mkurugenzi, akacheka sana, machozi yakamtoka, akasema nirekebishe kwenye toleo lijalo. Nikamuuliza je, walioshindwa wafanye nini kwa sasa. Akasema wasubiri toleo lijalo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Kiden asubiri. Siku kumi na nne zikapita kimya kimya, na katika muda huo mawe yake yalikaa chini ya meza yangu kazini, kwenye kanga yake ileile, na kila nilipovuta kiti niligonga vidole vya mguu.

Mwezi ulikuwa haujaisha nilipotumwa Nesitu na Wani kuangalia mabango ya bei kwenye vituo vya malori. Hatukuwa na haraka. Wani alikwenda kutafuta nyama choma na mimi nikaomba kivuli nyuma ya ghala moja, nikakaa kwenye kreti ya soda. Upande wa pili wa mabati kulikuwa na wanawake wanafanya kazi huku wakizungumza, Kiarabu cha Juba kimechanganyika na Kiswahili cha Uganda. Walikuwa wanamsengenya mume wa mtu. Kati ya masengenyo nikasikia mmoja mgeni akiuliza, "Hii namwaga vikombe tisa?" na mkubwa wao akamjibu, "Nane. Nane tu. Tajiri alisema kama nafika tisa unatoa kwa mshahara yako." Nikasimama. Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Waliketi chini kuzunguka gunia kubwa la unga usio na jina, na pembeni yao bunda la pakiti tupu zilizochapwa vizuri, lebo ileile, rangi ileile, kilo mbili. Walikuwa wanateka kwa kikombe cha plastiki na kubandika mdomo wa pakiti kwa gundi. Mwingine alikuwa ananyonyesha huku anabandika. Kwenye milango ya ghala palikuwa na jina la lile duka la jumla alikonunua Wani.

Sikuhitaji mizani, lakini nilinunua pakiti moja. Siku iliyofuata nilibaki ofisini saa ya chakula, nikatoa jiwe la Mama Kiden chini ya meza, nikapima pakiti, na jiwe likashuka kama siku ile. Kisha nikapasua mfuko mwingine wa unga niliokuja nao kutoka Kitale, zawadi ya kilo mbili ambayo sikuwa nimeifungua, uliopakiwa kiwandani huko, na asubuhi ile nilikuwa nimeubeba kutoka nyumbani. Hapana, nasema vibaya, sikuupasua, niliuweka mzima kwenye sahani. Sahani zikatulia sawasawa. Nilitazama zile sahani mpaka jenereta likazimika na jasho likaanza kunitiririka. Ningeweza kuwa na unga ule siku ya ukaguzi. Ulikuwa chini ya kitanda changu, hatua kumi kutoka kwenye yale mawe.

Nilimwendea Mkurugenzi alasiri ileile nikamweleza kila kitu, Nesitu, vikombe nane, unga wa Kitale. Sikusita, hilo nijipe. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza, akaniagizia soda. Kisha akafunga mlango. "Keji, mimi naamini unachosema," alisema. "Hata siku ile nilikuwa na wasiwasi. Lakini tumeshapiga muhuri soko zima. Nikisema leo kwamba muhuri ule ni wa uongo, kesho nani atakubali muhuri mwingine? Serikali changa haiwezi kuanza kwa kuomba radhi."

"Na hao wanne?"

"Wanne ni wachache. Wale wengine je? Unataka nifunge soko?"

Akanisukumia orodha ya mwisho ya waliofungiwa leseni. Ilihitaji sahihi ya mkaguzi, na mkaguzi ni mimi. Nimesikia watu wakisema kwamba katika saa kama hizo mkono hutetemeka. Wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa na meza yangu na kadi yenye picha yangu, na hoja yake ilikuwa na umbo la akili. Nikaweka sahihi kando ya jina la Kiden. Miaka yote hii nimemkasirikia mzee yule kwa ile soda, kwa ule upole wake, kwa namna alivyonifanya nijisikie mwenzake badala ya mtumwa wake. Angenitisha ningekataa. Naapa ningekataa.

Jumapili moja baada ya misa nilimkuta Mama Kiden uani anachambua karanga. Alikuwa ameanza kukaanga na kuziuza barabarani kwenye vipande vya gazeti, kwa sababu karatasi ya gazeti haihitaji leseni. Watoto wa mtaani walikuwa wanamwita kwa lile jina na yeye anaitika. Nilivuta kigoda nikamwambia yote. Nililia, na hata nilivyokuwa nalia nilijiona nalia vizuri, msichana mwema anayetubu. Hakuniacha nimshike mikono, mikono ilikuwa na kazi.

"Hii maneno," akasema, "wewe naambia nani?"

"Nakuambia wewe, Mama."

"Naandika?"

"Hapana."

"Lakini ile ingine wewe naandika. Jina yangu, jiwe yangu mbaya. Wewe naandika."

"Ndiyo."

Akapuliza maganda kwenye ungo. "Basi peleka hii pale ile ingine iko. Mimi najua jiwe yangu. Kuniambia mimi si kazi."

Nilimwahidi. Na niliandika, msidhani sikuandika. Jumatatu asubuhi nilichapa ukurasa mmoja: kwamba pakiti zilizotumika zilikuwa pungufu, kwamba mawe ya mama huyu ni sahihi, kwamba alistahili kurudishiwa mawe yake na leseni yake na kutangaziwa hivyo kwa kipaza sauti kilekile katika soko lilelile. Nikaweka sahihi. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko kanuni zote nilizonakili. Nikaukunja nikaelekea kwa Mkurugenzi, naye akaniwahi mlangoni akiwa ameshika bahasha. Shirika moja limetoa nafasi, alisema, kozi ya miezi mitatu Kampala, ulinzi wa mlaji na udhibiti wa masoko, na amependekeza jina langu. Alitabasamu. Sijui hata leo kama alijua nilichoshika mkononi. Nilisema asante sana, Mzee. Nikapokea bahasha kwa mkono wa kulia, na ule ukurasa nikautumbukiza kwenye mkoba kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda Kampala. Nilijifunza kwamba mlaji ana haki ya kupewa taarifa sahihi na haki ya kusikilizwa. Nilikuwa wa pili darasani.

Niliporudi, Mama Kiden alikuwa amekifagia chumba changu. Alinipikia kuku, jambo ambalo hakufanya siku za kawaida, akaniuliza Kampala imekuwaje na kama bado wanauza ndizi kandokando ya barabara. Nilikula. Alinitazama nikila, na nilipofika kwenye paja akauliza polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuharibu chakula cha mgeni, "Ile karatasi, wewe nampa?"

Ungekuwa ni mwisho wa dunia kusema hapana? Isingekuwa. Angenitazama tu, labda angeondoa sahani, labda angesema na moto. Lakini kuku alikuwa wa moto, na mama alikuwa mwema, na mimi nilikuwa mchafu kuliko nilivyoweza kuvumilia kuonekana. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Nimempa."

Akachukua upawa. Kisha akasema, "Shukran, binti yangu," na akaniongezea mchuzi.

Asubuhi yake nilifika kazini saa mbili. Mama Kiden alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kontena, gauni la kanisani, viatu vimepakwa mafuta, na kikapu kitupu miguuni cha kubebea mawe yake. Alikuwa amekuja kusubiri jibu la ile karatasi. Nilimsalimu nikapita. Alikaa pale mpaka jua likahamia upande wake wa benchi, mpaka tukafunga. Kesho yake akaja tena.